Meno ya Kahawia si Uchafu: Namna Hukumu ya Macho Inavyozaa Uonevu Shuleni



Katika shule nyingi za wilaya hii, juma huanzia mstarini. Wanafunzi hujipanga mbele ya mlingoti wa bendera, Wimbo wa Taifa huimbwa, kisha mwalimu wa zamu hupita kati ya mistari akikagua usafi: kucha, nywele, kola za mashati, viatu na meno. Desturi hii ni njema, kwa kuwa imewafundisha watoto wa vizazi vingi kuutunza mwili. Lakini ndani yake limejificha kosa moja ambalo kwa eneo letu lina gharama kubwa. Mtoto anapoambiwa afunue midomo, na mwalimu akaona meno yenye rangi ya kahawia, mara nyingine hukumu hutolewa papo hapo, mbele ya shule nzima: "Wewe hukupiga mswaki. Simama pembeni."

Huenda mtoto huyo alipiga mswaki alfajiri, na jana usiku, na kila siku tangu alipofundishwa na mama yake. Rangi ile haiondoki kwa mswaki, kwa sababu haikuletwa na uchafu. Ililetwa na maji aliyokunywa akiwa mdogo. Hata hivyo, wenzake waliokuwa mstarini wamekwisha kupata somo: kwamba meno ya kahawia ni uchafu, na kwamba mwenye meno hayo anaweza kuaibishwa hadharani. Wakitoka hapo hulibeba somo hilo hadi darasani, uwanjani na njiani wakirudi nyumbani.

Makala haya yanaeleza mambo matatu. Kwanza, chanzo halisi cha rangi hiyo ya meno. Pili, namna hukumu ya haraka inayotolewa kwa kutazama tu inavyogeuka kuwa uonevu miongoni mwa wanafunzi. Tatu, hatua ambazo mwalimu, mzazi, mwanafunzi na mkazi yeyote wa kata anaweza kuzichukua, pamoja na ofisi anazoweza kuzifikia.

Rangi ile hutoka wapi

Wilaya yetu imelala chini ya Mlima Meru, mlima wa volkano, nasi tunaishi na kulima juu ya miamba na majivu yaliyotapikwa ardhini zamani za kale. Miamba hiyo ina madini ya floraidi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayusha madini hayo polepole na kutoka nayo kwenye chemchemi, visima na mito. Hali hii haiko kwetu peke yetu. Inajulikana katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, tangu Ethiopia, kupitia Kenya, hadi mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Maziwa ya Momela, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni miongoni mwa maji yenye floraidi nyingi mno.

Floraidi kidogo ina faida, kwa kuwa husaidia kuzuia meno kuoza. Ndiyo maana huwekwa katika dawa nyingi za meno. Madhara huja inapozidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu maji yenye kiwango cha chini hayakuwa rahisi kupatikana katika maeneo kama haya, na baadaye kiwango cha Taifa kikashushwa hadi 1.5. Katika miteremko ya Mlima Meru vipo vyanzo vyenye zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na vipo vingine, visivyo mbali na hivyo, vyenye maji mazuri kabisa. Chemchemi mbili zinazotenganishwa na mwendo mfupi wa miguu zaweza kutofautiana sana.

Meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla ya kuchomoza. Jino la mbele ambalo mzazi huliona likitokeza mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili lilianza kujengwa mtoto huyo alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Iwapo katika miaka hiyo, tangu kuzaliwa hadi kufikia takriban miaka 8, mtoto hunywa maji yenye floraidi nyingi, tabaka gumu la nje la jino, liitwalo enameli, halikomai ipasavyo. Jino hutokeza likiwa na mistari au mabaka meupe kama chaki. Baadaye sehemu hizo dhaifu hufyonza rangi na kuwa njano, kisha kahawia. Hali ikiwa kali zaidi, enameli huchimbika na kumeguka.

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo manne ambayo kila mkazi anapaswa kuyashika. Rangi hiyo haitokani na uvivu wa kupiga mswaki. Haiambukizi kwa kula, kunywa wala kukaa pamoja. Hairithiwi, ndugu wa nyumba moja hufanana kwa sababu walichota kisima kimoja. Na mtu mzima aliyehamia hapa meno yake yakiwa yamekwisha kukomaa hayapati hali hiyo hata akinywa maji yale yale; kwa hiyo weupe wa meno ya mgeni si ushahidi kwamba yeye ni msafi kuliko mwenyeji.

Kutoka jicho hadi jina

Uonevu miongoni mwa wanafunzi haulipuki ghafla. Huenda kwa hatua, na hatua zenyewe zinaonekana kwa mtu anayetaka kuziona.

Hatua ya kwanza ni jicho. Mwanafunzi anatambua kwamba mwenzake ana jambo lililo tofauti. Katika shule ya msingi ya kijiji tofauti hiyo huenda isionekane, kwa sababu watoto karibu wote wamekunywa maji ya aina moja. Lakini shule ya sekondari ya kata hukusanya vijana wa vijiji kadhaa: wa juu penye chemchemi nzuri, na wa tambarare penye visima vyenye floraidi. Kwa mara ya kwanza meno meupe na meno ya kahawia hukaa dawati moja. Kutambua tofauti si kosa. Jicho haliwezi kuzuiwa kuona.

Hatua ya pili ni hukumu. Akili ya binadamu haipendi kuona jambo bila kulitafutia sababu, na isipopewa sababu ya kweli hujitungia yake. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kuelezwa habari ya floraidi hutunga sababu iliyo karibu: "Huyu hapigi mswaki." Toka hapo huongeza: "Kwao ni wachafu." Kisha: "Usinywe maji kwenye kikombe chake." Kosa lilianza kama ujinga mdogo wa kitaalamu, sasa limekuwa hukumu juu ya tabia ya mtu na ya nyumba aliyotoka.

Hatua ya tatu ni jina. Hukumu ikipata jina la kuchekesha husafiri haraka kuliko maelezo yoyote. Mtoto aliyesajiliwa kwa jina alilopewa na wazazi wake huanza kuitwa "Kutu". Jina hilo huitwa wakati wa mpira, huandikwa ubaoni mwalimu akiwa ametoka, na siku hizi hutumwa hata katika makundi ya simu, pamoja na picha iliyopigwa bila ridhaa.

Hatua ya nne ni kundi. Mtoa jina mmoja hana nguvu bila wachekaji. Wengi wanaocheka hawana chuki. Wanacheka kwa sababu wanahofia zamu isije ikawageukia wao. Miongoni mwa wachekaji wamo hata wenye meno ya kahawia kidogo, wanaojikinga kwa kumcheka aliye na rangi iliyokolea zaidi.

Hatua ya tano ni kimya. Anayeonewa hunyamaza kwa aibu, wanaoona hunyamaza kwa woga, na watu wazima hunyamaza kwa kudhani ni mambo ya kitoto. Kimya hicho ndicho kinachoufanya uonevu uwe wa kila siku.

Ni muhimu kutambua kwamba hatua zote hizi zinategemea ile ya pili. Sababu ya kweli ikitangulia, hukumu ya uongo hukosa pa kusimama, na jina la dhihaka hukosa utamu. Ndiyo maana elimu ndogo inayotolewa mapema ina nguvu kuliko adhabu kubwa inayotolewa baadaye.

Utani una mipaka yake

Watu wengine husema: "Sisi Watanzania ni watu wa utani. Mbona hata misibani watu hutaniana?" Ni kweli, na utani ni hazina ya utamaduni wetu ambayo makala haya hayakusudii kuigusa. Lakini utani una sheria zake. Watani hulingana: anayetania leo hutaniwa kesho, na wote wawili hucheka. Mtani ana wajibu pia; ndiye anayechimba kaburi, anayetumikia wageni na anayemfariji mfiwa. Na utani hukoma pale mwenzako anapoonekana kuumia.

Uonevu hauna hata moja kati ya hayo. Hurudiwa kwa mtu yule yule. Hufanywa na mwenye nguvu dhidi ya asiye na uwezo wa kujibu, ama kwa umri, ama kwa umbo, ama kwa wingi wa wanaomuunga mkono. Nao hukusudia kuumiza, au huendelea hata baada ya kuonekana kwamba unaumiza. Wahenga walitahadharisha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzazi au mwalimu anayetaka kujua kama jambo ni utani au ni uonevu na ajiulize swali moja tu: je, yule anayetaniwa naye anacheka, na anaweza kujibu bila kuogopa?

Gharama ambayo haionekani kwenye kumbukumbu za shule

Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilichapisha ripoti iliyokusanya takwimu kutoka nchi 144. Ilionesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika mwezi uliotangulia, na kwamba sababu iliyotajwa mara nyingi zaidi ni mwonekano wa mwili. Mwaka uliofuata UNESCO ilianza kuadhimisha, kila Alhamisi ya kwanza ya Novemba, siku ya kimataifa ya kupinga ukatili na uonevu shuleni.

Takwimu hizo ni za dunia. Kuhusu hapa kwetu, naomba nishuhudie kwa yale ambayo kazi yangu imenipa kuyaona. Nikifika shuleni kupiga picha za jarida hili, huwaomba wanafunzi watabasamu. Wapo wanaofumba midomo kwa nguvu. Wapo wanaoinua daftari. Wasichana wengi huweka kiganja mdomoni kabla hata hawajacheka, kama watu waliokwisha kuzoea. Mwanafunzi anayeficha meno hanyooshi mkono darasani, hasomi kwa sauti, hagombei ukiranja na haingii katika mdahalo. Mwalimu huandika kwamba ni mzito wa kuelewa, au ana kiburi. Hiyo nayo ni hukumu ya macho, na safari hii imetolewa na mtu mzima.

Mimi niandikaye nimezaliwa katika wilaya hii, na meno yangu ni ya kahawia. Nilipopangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa mwingine, nilipewa jina juma la kwanza, nikalibeba miaka miwili. Nilijifunza kucheka nimeinamisha uso. Baadaye nikiwa chuoni nikisomea mawasiliano ya umma, ulipofika wakati wa kuchagua mazoezi ya kusoma habari kwenye televisheni au redio, nilichagua redio. Niliwaambia wenzangu kwamba naipenda redio zaidi. Haikuwa kweli. Silalamiki, kwa kuwa kazi yangu naipenda. Naeleza tu ili msomaji aone kwamba neno lililosemwa mstarini au bwenini laweza kumchagulia mtu njia miaka mingi baadaye, naye asimwambie yeyote.

Meno ni mfano tu

Kosa hili la kusoma tabia ya mtu katika sura yake haliishii kwenye meno. Mahali ambapo floraidi ni nyingi sana, madini hayo huathiri hata mifupa, na miguu ya baadhi ya watoto hupinda. Matege huweza pia kuletwa na sababu nyingine za lishe na afya. Mtoto wa namna hiyo hucheza kwa shida na kuitwa majina, ilhali hakuna alichokosea.

Watoto wenye ualbino nao hukumbana na hukumu iliyo nzito zaidi. Ualbino hutokana na vinasaba vinavyorithiwa kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe hawana ualbino, na huufanya mwili ukose rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Kwa sababu hiyo macho yao huwa na uoni hafifu. Mwanafunzi mwenye ualbino anayesogea hadi karibu na ubao, au anayeshika kitabu karibu na pua, hachezi, anatafuta kuona. Akiketishwa safu ya mbele, akaruhusiwa kuvaa kofia na mikono mirefu, hujifunza kama wenzake.

Lipo pia suala la mavazi. Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki mikononi mwa mzazi. Kwa kaya nyingi sare moja hufuliwa usiku ili ivaliwe asubuhi, na siku za mvua huvaliwa ikiwa mbichi. Mtoto anayefika na shati lenye kiraka au kandambili mguuni amehukumiwa kuwa mzembe kabla hajasema neno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tufanye nini shuleni na nyumbani

Kwa walimu, hatua ya kwanza haihitaji bajeti. Ukaguzi wa usafi uendelee, ila usitaje rangi ya meno. Mwalimu akague mambo ambayo mtoto ana uwezo nayo: mabaki ya chakula, kucha, kola. Akiona la kumwelekeza mwanafunzi, amwite pembeni. Pili, somo la floraidi lifundishwe mapema, tangu darasa la tatu au la nne, na lirudiwe juma la kwanza la kidato cha kwanza, kabla majina hayajaanza kutolewa. Dakika ishirini zinatosha kueleza mlima, mwamba, maji na jino. Tatu, kila shule iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi anayefahamika kwa wanafunzi wote, na sanduku la maoni linalofunguliwa kwa utaratibu unaoaminika.

Kwa wazazi na walezi, mtoto anayeonewa mara chache husema. Hulalamika tumbo linauma siku za shule tu. Hubadilisha njia ya kurudi nyumbani. Hupoteza madaftari, hurudi na sare iliyochanika, au ghafla hataki tena kwenda kanisani, msikitini au sokoni penye wenzake. Ukiona dalili hizo, usianze na "Nani kakupiga?" wala "Na wewe mbona hukumrudishia?" Anza kwa kumsikiliza. Mwambie wazi kwamba kosa si lake. Kisha mweleze chanzo cha meno yake, ili awe na jibu. Mtoto anayeweza kusema kwa utulivu, "Ni floraidi ya maji ya kwetu," amekwisha kunyang'anya dhihaka nusu ya nguvu yake.

Wazazi wanaonywa pia dhidi ya wanaodai kusafisha meno kwa kuyakwangua kwa msasa, wembe au tindikali. Kufanya hivyo huondoa enameli iliyobaki na kuliacha jino katika maumivu na hatari ya kuoza. Anayetaka msaada amwone daktari wa kinywa na meno katika kituo cha afya au hospitali, aelezwe njia salama kulingana na hali ya meno yake.

Kwa mwanafunzi anayesoma jarida hili: huhitaji kupigana ili kumsaidia mwenzako. Usicheke. Mwite kwa jina lake halisi mbele ya wengine. Keti naye wakati wa uji. Kisha mwambie mwalimu unayemwamini. Kundi likikosa wachekaji, mtoa majina hubaki peke yake.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye anayewaonea wengine: habari hiyo isipokewe kwa kukana wala kwa kipigo. Mtoto hurudia alichokisikia. Tujiulize ni majina gani tunayowaita majirani zetu tukiwa mezani.

Mahali pa kupeleka taarifa

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, hali ya afya, hali ya kiuchumi ya familia na nyinginezo. Inampa pia kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo hilo. Kwa hiyo jirani anayetoa taarifa hajiingizi katika mambo ya watu, anatimiza sheria. Vilevile, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa mtu kihisia.

Utaratibu unaoshauriwa ni huu:

1. Anza shuleni, kwa mwalimu wa darasa au mwalimu wa ushauri na unasihi. Eleza tukio, siku na mahali. Andika kumbukumbu zako.

2. Usiporidhika, mwone Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule. Unaweza pia kulifikisha suala kwenye Kamati ya Shule, kwa shule ya msingi, au Bodi ya Shule, kwa sekondari.

3. Hatua inayofuata ni Afisa Elimu Kata, katika ofisi ya kata. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji na ya Mtendaji wa Kata hupokea taarifa za watoto pia.

4. Mtoto aliyeathirika kihisia, anayekataa shule au anayetishia kujidhuru afikishwe mapema kwa Afisa Ustawi wa Jamii au kituo cha afya. Jambo hili halisubiri kikao.

5. Palipo na kipigo, jeraha au udhalilishaji wa kingono, toa taarifa mara moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

6. Mtoto au mtu mzima anaweza kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Na maji yenyewe?

Haitoshi kuwafundisha watoto wasichekane, ilhali mtoto anayezaliwa leo anaendelea kunywa maji yale yale. Kuchemsha maji huua vijidudu na kunapaswa kuendelea, lakini hakuondoi floraidi. Dawa za kutibu maji kwa klorini haziiondoi pia. Njia zinazosaidia ni kutumia chanzo kilichopimwa na kuonekana kuwa na kiwango kidogo, kuvuna maji ya mvua, ambayo kwa kawaida yana floraidi kidogo sana, na kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ulioandaliwa kitaalamu. Kituo cha utafiti wa uondoaji wa floraidi cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto kimeishughulikia teknolojia hiyo.

Kama maji mazuri nyumbani ni machache, tumia hayo kwanza kwa kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka 8, na maji mengine yatumike kufulia na kuoshea. Punguza pia magadi katika makande na maharage ya watoto, kwa kuwa baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Kila mkazi anayo haki ya kukiuliza chombo cha watoa huduma ya maji cha eneo lake, au ofisi ya RUWASA ya wilaya, maji ya bomba lake yamepimwa lini na yalionesha kiwango gani. Swali hilo liulizwe hata katika mkutano mkuu wa kijiji.

Tunawaomba Walimu Wakuu na Wakuu wa Shule walifanyie kazi jambo moja kuanzia Jumatatu ijayo: rangi ya meno isitajwe tena mstarini. Tunawaomba wazazi wamweleze kila mtoto, usiku wa leo kabla hajalala, kwa nini meno ya watu wa eneo hili yana rangi ile. Ofisi yetu nayo itakapofika shuleni na kamera, haitamwomba mtoto yeyote afumbe midomo, wala haitaichagua picha kwa weupe wa meno.

Kitengo cha Mawasiliano Serikalini,
Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri